Kijana wako anapuliza tarumbeta? Namna ya kulinda kibofu, kinena na yale asiyokwambia

Swali huja baada ya ibada, mzazi akishanivuta pembeni na kushusha sauti: "Sista, huyu mtoto akiendelea kupuliza hilo dude, ngiri haitamtoka?" Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya hapa Tanga, na Jumamosi jioni nafundisha matarumbeta vijana wa usharika wetu, wengi wao wa rika la kipaimara. Kwa hiyo maswali ya huko chini yananifikia kwa milango miwili. Wazazi wanaulizia ngiri. Wavulana, wakijipa moyo, wanaulizia nguvu za kiume. Wasichana hawaulizi kitu. Wanaacha tu kuja mazoezini.

Niseme msimamo wangu mapema. Kijana mwenye afya njema anaweza kupuliza miaka na miaka bila kibofu wala korodani kudhurika. Tarumbeta linaongeza presha tumboni, na presha hiyo hufichua udhaifu ambao mara nyingi ulikuwepo kabla hajalishika. Wanaonijia na shida, wengi wao wameumizwa na mambo yanayolizunguka tarumbeta: kubana mkojo, kukwepa maji, kupuliza kwa kujikaza. Hayo yanarekebishika, na mengi hayahitaji hata shilingi.

Presha inavyoshuka mpaka kwenye kibofu

Mtu akivuta pumzi, kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka na kusukuma kila kilicho chini yake. Chini kabisa kuna misuli ya sakafu ya nyonga, iliyotandazwa kutoka mfupa wa mbele mpaka kwenye kifandugu. Hiyo ndiyo inayobeba kibofu, njia ya haja kubwa, na kwa msichana kizazi pia. Kijana akianza kupuliza, tumbo hukaza, presha hupanda, na sakafu hiyo nayo hukaza kidogo ili isilemewe. Kwa kawaida hufanya hivyo yenyewe.

Vyombo havilingani. Noti ya juu ya tarumbeta ikipulizwa kwa nguvu, presha ya mdomoni inaweza kupita milimita 100 za zebaki, kipimo kilekile ninachosoma kwenye mashine ya presha ya damu kila asubuhi kazini. Tuba linameza hewa nyingi sana lakini presha yake ni ndogo. Filimbi na rekoda ndiyo kabisa, presha yake ni ya chini. Obo, ambayo hapa kwetu utaiona kwa nadra, inataka hewa kidogo na presha kubwa. Tromboni na baritoni zinategemea kijana anacheza juu au chini. Kwa sababu hiyo mtoto wa miaka 12 simwanzishi kwenye sauti ya kwanza ya tarumbeta hata baba yake akiniomba. Namweka kwenye baritoni, noti za chini, midomo na pumzi vikomae kwanza.

Msiogope hiyo 100. Kikohozi nacho hupandisha presha ya tumbo, kujikaza chooni vilevile, na kujitwika ndoo ya lita 20. Kikohozi lakini hupita mara moja. Mpulizaji asiyefundishwa hubana koo, husukuma kwa tumbo, na kushikilia hivyo kwa mstari mzima wa wimbo. Daktari wa Italia, Antonio Maria Valsalva, aliandika mwaka 1704 juu ya kusukuma pumzi huku mdomo na pua vimezibwa, na mpaka leo madaktari hutumia mbinu ya namna hiyo makusudi: humsimamisha mgonjwa na kumwambia ajikaze, ili kama kuna ngiri ijitokeze. Kijana anayepuliza huku shingo imevimba mishipa anajifanyia kipimo hicho mwenyewe, mara mia kwa jioni moja.

Kabla hajaanza, ulizeni

Kwenye kikundi changu hakuna anayepewa chombo kabla ya mazungumzo mafupi, mmoja mmoja. Wavulana wanaongea na tabibu mmoja wa kiume aliye pia kwenye kwaya, kwa sababu kijana wa miaka 14 hataniambia mimi habari za korodani zake hata nikimpa soda. Tunauliza: una uvimbe wowote kinenani au kwenye mfuko wa korodani, hata kama unakuja na kuondoka? Umewahi kufanyiwa upasuaji huko? Mkojo unakuvuja, mchana au usiku? Umewahi kuona damu? Jibu lolote la ndiyo halimfukuzi mtu. Linampeleka kupimwa.

Kulikuwa na kijana wa tarumbeta ya kwanza, hodari kweli. Nikaona kila ubeti ukiisha anashusha chombo na kuingiza vidole vya mkono wa kulia ndani ya mkanda, anabonyeza, kisha anainua tena. Wenzake walidhani suruali inambana. Nilimwita nje.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba mwanangu. Hapo unapobonyeza pana nini?"

Akatazama viatu. Palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu, unatoka akipanda noti za juu, unarudi akilala usiku. Alikuwa nao tangu shule ya msingi, bibi yake alikuwa akimkanda kwa mafuta.

Hiyo ni ngiri ya kinena, na tarumbeta halikuitengeneza. Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama, korodani hushuka kupitia njia ndogo kinenani. Njia hiyo inatakiwa ijifunge. Kwa baadhi haijifungi, na siku presha ya tumbo ikipanda, utumbo hupata pa kupenya. Kukanda hakuizibi, mkanda wa kubana hauizibi, na zile dawa za kwenye vibao vya mtaani, zenye namba ya simu na orodha ya magonjwa kuanzia ngiri mpaka kesi za mahakamani, haziizibi. Inashonwa. Upasuaji wake ni wa kawaida, na ni afadhali ufanywe kwa mpango kuliko kwa dharura. Dharura inakuja hivi: uvimbe unakuwa mgumu, unauma, haurudi ndani hata akilala, na anaanza kutapika. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, kwa maana utumbo ukinaswa hukosa damu.

Busha nalo linatajwa sana ukanda huu wa pwani. Maji yanayojaa kwenye korodani za watu wazima hapa kwetu mara nyingi chanzo chake ni minyoo ya matende, inayoenezwa na mbu, na huchukua miaka kujitokeza. Ndiyo sababu watu wamekuwa wakigawiwa dawa za kinga, albendazo na ivermektini. Kumeza dawa hizo zinapogawiwa na kulala kwenye chandarua ndiko kumkinga mtoto na busha. Kumnyang'anya tromboni hakuna faida. Kijana mdogo akiwa na maji kwenye korodani, mara nyingi ni ile njia ya kuzaliwa haijafunga, naye apelekwe kwa daktari.

Cha tatu wavulana wanachokigundua wenyewe bafuni ni mishipa ya damu iliyovimba na kujikunja juu ya korodani, karibu kila mara upande wa kushoto. Huanza umri wa kubalehe, na wanaume kama 15 katika kila 100 wanayo. Upande wa kushoto ni kwa sababu mshipa unaorudisha damu kutoka korodani hiyo unaingia kwenye mshipa wa figo kwa pembe ya mraba, kwa hiyo damu hutiririka kwa shida zaidi. Akisimama na kupuliza, mishipa hujaa, akilala, hupungua. Wengi hawahitaji kufanyiwa chochote zaidi ya kuangaliwa mara kwa mara. Daktari hufikiria upasuaji kama korodani ya upande huo inabaki ndogo au inauma. Ikiwa imetokea kulia peke yake, au haipungui akilala, asisubiri. Na kuhusu nguvu za kiume, wanangu, pulizeni tu.

Maumivu yasiyongoja kesho

Sehemu hii msome hata kama mengine mtaruka. Korodani inaweza kujisokota kwenye kamba yake na kukata damu. Hutokea zaidi umri wa miaka 12 mpaka 18, ghafla, hata usingizini. Maumivu ni makali, upande mmoja, korodani imepanda juu, na mara nyingi kuna kutapika. Una kama saa 6 za kuiokoa. Tarumbeta halihusiki, lakini mvulana akiumwa hivyo mazoezini atasema "tumbo linaniuma", kwa aibu. Muulize wazi, kwa jina la kiungo: ni tumbo au ni korodani? Usimpe panado alale. Usingoje baba arudi kutoka kazini. Chukua bodaboda, bajaji, chochote, na mumpeleke hospitali yenye daktari wa upasuaji, si kwenye duka la dawa.

Msichana anayeruka noti za juu

Dalili zake ni za kimyakimya. Anavaa sketi nyeusi tu. Anajifunga khanga kiunoni na joto hili la Tanga. Anapuliza vizuri noti za katikati, zikifika za juu anashusha tarumbeta na kujifanya anapumzika. Mmoja alikuja kuniambia baada ya muda mrefu, akiwa amefunika uso kwa kiganja, kwamba akipuliza kwa nguvu mkojo unamtoka kidogo. Alidhani ameharibika kizazi.

Hajaharibika. Presha ya juu imeizidi nguvu misuli ya chini, basi. Huwatokea pia wasichana wanaoruka kamba na wanaocheza netiboli. Kwanza pimeni mkojo, tuone kama kuna maambukizi. Akiwa salama, tunafundisha misuli.

Alale chali, magoti yamekunjwa. Abane kana kwamba anazuia ushuzi mbele za watu, na kuvuta juu ndani. Mapaja na makalio yatulie, pumzi iendelee kutoka na kuingia. Ashikilie sekunde 5, aachie kabisa sekunde nyingine 5 au zaidi. Mara 10, kwa mizunguko 3 kwa siku. Kuachia kuna uzito uleule wa kubana, na wengi huharakisha hapo. Asifanye zoezi hili kwa kukatiza mkojo chooni kila siku, atakifundisha kibofu tabia mbaya. Akishazoea akiwa amelala, afanye ameketi, kisha amesimama, kisha ameshika chombo. Hapo tunaunganisha: anavuta pumzi, chini pamelegea; anabana kidogo, ndipo sauti inatoka. Baada ya wiki kadhaa hafikirii tena. Mpeni miezi 3 kabla ya kusema zoezi halifai.

Kuna vijana wa aina ya pili ambao zoezi hili si lao: mkojo unachelewa kuanza, unakatika katika, wanahisi maumivu chini ya kitovu. Hao misuli imekaza kupita kiasi. Wanahitaji kujifunza kulegeza, na mtaalamu wa tiba ya viungo ndiye mwalimu wao.

Kirikuu, jua na chupa ya maji

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera. Kikundi kikikodiwa harusini, vijana hupakiwa nyuma ya kirikuu na kuzungushwa na msafara: saluni, kanisani, Raskazone kupiga picha, halafu ukumbini. Wanaanza saa 7 mchana, jua linawaka, makoti ya sare yamefungwa vifungo vyote, na mpaka saa 12 jioni hakuna aliyewauliza kuhusu choo. Wasichana wanajua hivyo, kwa hiyo hawanywi maji tangu asubuhi. Wavulana wananunua enaji, ambayo kafeini yake inakisumbua kibofu. Jioni mkojo ni wa njano nzito, unanuka, unachoma. Jumatatu naletewa mtoto na mama yake: "Sista, hizi tarumbeta zimempa UTI."

Mkojo ukikaa muda mrefu kwenye kibofu, bakteria hupata nafasi ya kuzaliana, na wasichana huathirika zaidi kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi. Kwa hiyo kikundi changu kina masharti, na tunayasema kwa kamati ya harusi kabla ya kupokea kianzio. Msafara unapita mahali penye choo kila baada ya saa 3 au pungufu. Maji ya kunywa yanapanda kwenye gari pamoja na ngoma. Kamati moja ilituona tunaringa, ikatafuta kikundi kingine. Sawa.

Kwa kijana mwenyewe, aende chooni kabla ya kuvaa sare, hata akisema hana mkojo. Abebe chupa yake yenye jina, anywe mafunda mawili matatu kila wimbo ukiisha. Ataona mkojo wake umebaki wa rangi hafifu. Choo cha kuchuchumaa achuchumae kikamilifu, amalize. Choo cha kukaa kikiwa kichafu, wasichana hubaki wamening'inia hewani bila kukaa, misuli imekaza, na kibofu hakimaliziki. Apanguse au atandike karatasi, akae. Wajifute kutoka mbele kwenda nyuma. Mkanda wa sare ulegezwe tundu moja, kwani mkanda unaobana tumbo unaongeza presha ile ile tunayoikwepa.

Na haja kubwa isisahaulike. Utumbo uliojaa kinyesi kigumu unakikandamiza kibofu kwa nyuma, na kule kujikaza chooni kunachosha sakafu ya nyonga kuliko mazoezi ya tarumbeta. Papai, mchicha, maharage, maji. Nashangaa wangapi wamepona kuvuja kwa njia hii tu.

Akichomwa na mkojo, ana homa au anaumwa mgongo upande wa figo, apimwe. Msimnunulie antibiotiki kwa kukisia. Na hapana, UTI haiambukizwi kwa kuchangia kinywa cha tarumbeta. Mafua yanaambukizwa, kwa hiyo kiosheni vilevile.

Damu kwenye mkojo ni habari nyingine. Mkoa wetu una kichocho, kile kinachokaa kwenye mishipa ya kibofu, na vijana wanaooga mitoni na kwenye madimbwi hukipata. Damu huonekana zaidi mwishoni mwa mkojo. Mvulana akiona hivyo siku baada ya harusi ataamini amepasuka kwa kupuliza, na atanyamaza. Dawa ni prazikwanteli, na ikichelewa kwa miaka, kibofu na figo ndivyo vinavyolipa.

Kupuliza bila kujikaza

Nalaza watoto sakafuni, kila mmoja na kitabu cha nyimbo juu ya kitovu. Akivuta pumzi kitabu kipande, mbavu zifunguke pembeni. Akitoa kwa "sss", kitabu kishuke polepole, bila kudondoka. Wanacheka sana siku ya kwanza. Kisha wanafanya hivyo wakiwa wameketi, nyayo zote zimekanyaga sakafu, mgongo umenyooka. Halafu kinywa cha tarumbeta peke yake, kisha noti ndefu za chini, na baadaye kabisa za juu.

Noti ya juu inataka midomo iliyokazwa vizuri na hewa inayokwenda kasi. Koo libaki wazi, kana kwamba anapiga mwayo. Nikiona uso umeiva, macho yametoka na mishipa ya shingo imesimama, namsimamisha hapohapo na kumrudisha noti 3 chini. Muda wa kupumzika ulingane na muda wa kupuliza, hasa wiki ya Pasaka ambapo wote wanataka kujionyesha. Na wasije mazoezini na tumbo lililojaa ugali.

Kurudi baada ya upasuaji

Aliyeshonwa ngiri hukaa pembeni mara nyingi wiki 4 mpaka 6, na neno la mwisho ni la daktari aliyemshona. Mimi humpa karatasi za nyimbo azisome na vidole vyake vikumbuke vali bila kupuliza. Akiruhusiwa, anaanza na kinywa peke yake kwa dakika 5, keshokutwa yake noti za chini, nusu ya muda wa wenzake, ameketi. Sauti ya kwanza ataisubiri mpaka apite wiki nzima bila maumivu. Wala asibebe tuba wala ngoma kubwa kupandisha kwenye kirikuu, wenzake wapo. Kovu likianza kuvuta au uvimbe ukirudi, anashusha chombo siku hiyo na kurudi kliniki.